Wake Wenza wa Dunda na Mwizi wa Sauti

Bi Mwanamkasi hakuwa na saa. Alikuwa na chuma cha vitumbua chenye vishimo saba, na kwa chuma hicho alipima muda wa kila jambo la dunia. Hotuba ya Ijumaa ilikuwa vyuma sita. Kumsema jirani aliyehama, vyuma kumi, na jirani akiwa kahama na deni, kumi na viwili. Na mtoto wao Walid akipiga simu kutoka Maskati, Mwanamkasi alikaa jikoni, kijiti mkononi, sikio limeganda ukutani kama mjusi, akipima. Akisema na Bi Ghalia, mke mwenziwe, vyuma vitano viliiva. Akisema na yeye Mwanamkasi, vitatu. Juzi vilikuwa viwili na nusu, na ile nusu iliungua.

"Umeunguza leo, Bi Mwanamkasi," mteja akamwambia.

"Havijaungua hivyo. Vimekasirika."

Nyumba yao ipo Dunda, Bagamoyo, milango miwili, ua mmoja. Mlango wa kulia ni wa Bi Ghalia, mke mkubwa. Wa kushoto ni wa Mwanamkasi, mke mdogo. Mume wao, marehemu Haji, alikuwa muuza mbao na mcha Mungu, na hakuna jambo aliloliogopa kama kuulizwa akhera juu ya uadilifu baina ya wake zake. Akinunua doti ya kanga, alinunua mbili za rangi moja. Akileta changu, alileta wawili waliolingana, na mmoja akizidi mkia, mkia ulikatwa. Hapo Dunda wanahadithia mpaka leo kwamba siku moja alipewa embe dodo moja tu. Akalipima kwa uzi, akalikata katikati, nusu huku, nusu kule, na kokwa akaenda kulizika mbali nje ya mji, lisije likaota upande wa mmoja.

Embe aliliweza. Mtoto hakumweza.

Maana ilikuwa hivi. Bi Ghalia, ambaye babu zake walitoka Omani zamani wakaja kufungua maduka Bagamoyo, alikaa na Haji miaka tisa bila mtoto. Haji akaenda Miono kutafuta mbao, akarudi na mbao na Mwanamkasi. Wenye midomo yao wakasema Ghalia atapasuka kwa wivu. Hakupasuka. Alishika mimba. Wakawa na matumbo wote wawili mwaka mmoja, wakapishana uani kama majahazi mawili kwenye mfereji wa jahazi moja, kila mmoja akingoja mwenziwe ampishe. Mwanamkasi akamzaa Adila. Siku kumi baadaye Ghalia akamzaa Walid, na papo hapo homa ikamkamata, maziwa yakakauka. Basi Mwanamkasi akampakata Walid ziwa la kushoto na Adila ziwa la kulia, miaka miwili kamili. Na ziwa la kushoto, alikuwa akiapa, ndilo lililokuwa na maziwa mazito.

Kwa hiyo damu ni ya Ghalia na maziwa ni ya Mwanamkasi, na katika dini maziwa nayo ni umama. Lakini mtoto anapojikwaa akalia "Mama!", huwa anakimbilia mahali. Mwanamkasi aliziweka zile mbio zote kichwani. Walid alipong'atwa na siafu, alikimbilia kushoto. Alipoanguka ngazini msikitini, kulia. Alipofeli mtihani, kulia. Alipotaka kuoa, kulia tena, na Mwanamkasi akayasikia mambo ya posa kwa muuza maji. Adila ameolewa Msata, anauza chakula pale wanaposimama mabasi, na ni binti mwema ajabu, lakini Adila hagombaniwi na mtu, na kitu kisichogombaniwa, kwa tabia ya Mwanamkasi, kilikuwa hakikolei chumvi.

Walid sasa ana miaka thelathini na mitatu. Ana duka la manukato Maskati, na kila asubuhi hujirekodi na chupa mkononi, akaeleza hii ina udi wa wapi, ile ina waridi la wapi, akaiweka video mtandaoni watu wa nchi zote wamwone. Mwanamkasi alikuwa akimsikiliza simuni huku anakoroga unga wa mchele. Sauti yake ilikuwa na kikwaruzo kidogo mwisho wa neno, kama mlango wa kabati la zamani. Kikwaruzo hicho alikijua tangu mtoto hajaota meno.

Jumanne hiyo, chuma cha pili kikiwa motoni, simu ikalia. Namba ngeni, ndefu kama mkia wa tiara.

"Mama."

Kikwaruzo kile kile.

"Walid! Mbona namba siijui?"

"Mama, ni mimi Walid. Nimegonga mtu kwa gari. Niko polisi. Simu yangu wameichukua."

"Ya Rabi! Kafa?"

"Hajafa. Lakini nisipolipa dhamana kabla ya adhuhuri wananitia gerezani. Nisaidie, Mama. Ila usimwambie mtu."

Mwanamkasi akautazama mlango wa kulia. Pazia la Bi Ghalia lilikuwa limeteremshwa.

"Hata Mama Mkubwa?"

Upande wa pili pakawa kimya kidogo, kimya cha mtu anayeinama kuokota kitu alichodondoshewa.

"Hata Mama Mkubwa," ikasema sauti. "Nimekukimbilia wewe tu."

Wallahi, kama ile sauti ingesema ina njaa, Mwanamkasi angeuliza imekula nini jana. Kama ingesema inaumwa, angeuliza inaumwa wapi, tangu lini, na nani kailoga. Lakini neno "nimekukimbilia" lilimwingia kama maji ya ndimu kwenye kidonda, likamchoma na kumsafisha pamoja. Hakuuliza tena kitu. Akaja simuni mwanamume mwingine, akajiita wakili, akasema upesi upesi kama mnadi, kwamba pesa zitumwe kwa namba ya hapa hapa Tanzania, ya mdogo wake, maana za kutoka nje zinachelewa. Mwanamkasi akaiandika ile namba ukutani kwa mkaa. Kiasi chenyewe kilikuwa kikubwa kuliko vitumbua vya miaka mitatu.

"Vimekwisha," akawaambia wateja waliokuwa wameshika mabakuli, na chuma kimejaa, mvuke unapanda.

"Si hivi hapa vinaiva?"

"Hivyo vya kwangu."

Akaingia ndani, akachukua kipande cha sabuni ya mche, akakaa kitako sakafuni. Haji alipomvika bangili mbili za dhahabu mkono ulikuwa mwembamba, mkono wa msichana wa Miono. Sasa mkono ulikuwa umenenepa kwa miaka ya unga na nazi, na bangili zilikuwa zimezama humo kama pete katika mandazi. Alipaka sabuni, akavuta, akasoma Kul huwallahu, akavuta, akamtukana Haji kidogo kisha akamwombea rehema, akavuta. Zikatoka, na ngozi kidogo juu yake.

Akajitanda buibui, akatoka kwa mlango wa uchochoroni ili asipite uani. Kutoka pale hadi kwa sonara kuku angefika kwa miguu bila kuona kiu, lakini yeye alipanda bodaboda na kumwambia dereva akimbie.

Mungu amsamehe, njiani alikuwa na furaha. Mtoto yuko mikononi mwa polisi, na yeye moyo unamdunda kama wa bibi harusi. Alikuwa tayari anapanga atakavyolitoa lile jambo mbele ya Bi Ghalia siku mambo yakitulia. Hatalitoa kwa kelele. Atakuwa anachambua mchele. Atasema, polepole, bila kuinua macho, "Ah, kwani hukupata habari? Siku ile Walid alipopatwa na makubwa? Labda hakutaka kukusumbua." Akalirudia mara tatu, kila mara akiipunguza sauti, mpaka likawa tamu hasa.

Duka la Alawi sonara ni chumba kimoja, meza moja, mizani ndogo ndani ya kisanduku cha kioo. Mwanamkasi akaingia kwa mguu wa kulia na salamu mdomoni. Salamu ikamkwama.

Bi Ghalia alikuwa amekaa kwenye kile kiti kimoja cha wateja. Buibui lake la hariri limempwaya, macho mekundu, na mikono, ile mikono myeupe ambayo Mwanamkasi aliichukia tangu siku ya kwanza, haina kitu.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," Mwanamkasi akasema, kwa kuwa adabu humtoka mtu mdomoni hata roho ikiwa inawaka.

"Marahaba. Umefuata nini huku?"

"Nimeleta bangili zangu zisafishwe. Nawe?"

"Nami nazisafisha zangu."

Alawi sonara, mtu wa makamo mwenye ndevu za kupakwa hina, akavua miwani. "Bi Ghalia, si umesema unauza, na haraka haraka kabla ya adhuhuri?"

Hata ile mizani iliacha kuyumba ikasikiliza.

"Unauza?" akasema Mwanamkasi. "Bangili za Haji unaziuza? Una shida gani wewe, mwenye kodi ya fremu mbili za maduka?"

"Na wewe mbona mkono una povu? Unaziosha ndani na nje?"

"Yangu siri."

"Na yangu siri."

"Yangu siri ya mtoto!" Mwanamkasi akasema, na hapo hapo akajua limemponyoka. Kuwa na siri asiweze kumtambia mwenziwe, hilo lilimzidi nguvu. "Ndiyo. Mtoto. Walid kanipigia mimi. Yuko polisi, kagonga mtu kwa gari, na kaniambia nisimwambie mtu, hata wewe. Hasa wewe."

Bi Ghalia akasimama. Mwanamkasi alikuwa amengoja miaka thelathini na mitatu kuona uso ule ukianguka, na kweli ulianguka, lakini ukainuka tena upande mwingine, umejaa dharau.

"Mwongo mkubwa. Walid yuko hospitali. Kanipigia mimi tangu saa mbili. Utumbo umejisokota, anataka kupasuliwa, na kasema Mama Mdogo asijue kabisa, ana presha."

"Nina presha mimi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mtoto wangu hajalazwa. Kafungwa!"

"Mtoto wako nani? Hajafungwa. Kalazwa!"

"Kafungwa, nakwambia! Nimesema naye mwenyewe, masikio yangu haya!"

"Kalazwa! Sauti ya mgonjwa siijui mie? Wewe wa Miono utanifundisha mwanangu anavyoumwa?"

Wapita njia wakaanza kusimama mlangoni. Yupo mpaka leo anayeapa kwamba dhahabu zote ndani ya kioo zilipauka kwa ule ukelele. Wake wenza wamewahi kugombania mume, shamba, hata kitanda. Lakini kugombania kwamba mtoto yuko jela, la, yuko kitandani anapasuliwa, na kila mmoja akiitetea balaa yake isichukuliwe na mwenziwe, hilo lilikuwa jipya Dunda.

"Ngojeni," Alawi akasema. "Mtu mmoja, asubuhi moja, yuko hospitali na yuko polisi?"

Na sasa ndipo hatari ilipokuja, maana wakaanza kusaidiana.

"Labda," Mwanamkasi akasema taratibu, "kagonga mtu, naye akaumia tumbo."

"Ndiyo," Bi Ghalia akasema. "Utumbo ukajisokota kwa ule mshtuko. Polisi wakampeleka hospitali."

"Au yuko hospitali, polisi wanamlinda."

"Maskini mwanangu. Kaniambia mimi ya tumbo, kwa kuwa mimi ndiye wa tumbo, na wewe kakuambia ya gari."

"Basi pesa zinatakiwa mara mbili," Mwanamkasi akakata shauri. Akatoa bangili zake kwenye leso, akazitua mezani kando ya zile za mwenziwe. Bangili nne, sare, kama Haji alivyozipanga. "Pima zote, Alawi. Upesi."

Alawi hakuzigusa. Alichukua kitambaa, akafuta povu la sabuni lililodondokea meza.

"Sinunui," akasema.

"Hununui kwa nini? Ni feki?"

"Alizifua baba yangu, zitakuwaje feki? Ila baba yangu aliniachia mizani hii na sharti moja. Bangili iliyovuliwa kwa sabuni hainunuliwi siku ile ile. Anayeuza kwa kutaka, huzivua jana, mafuta ya nazi, taratibu, akalala nazo chini ya mto. Anayekuja na povu mkononi, kesho yake anakuja mume, au kaka, au yeye mwenyewe, analia hapa mlangoni azirudishiwe. Leteni kesho."

"Kesho mtoto keshafungwa!"

"Keshapasuliwa!"

"Basi nisemesheni na mtu mmoja wa nyumba yenu, mwanamume au mwanamke, aniambie muuze. Nani mmemwambia?"

Wakatazamana. Hawakumwambia mtu. Kila mmoja alikuwa ameikumbatia ile siri kifuani kama kuku na yai.

"Na Walid mwenyewe," Alawi akaendelea, "mmempigia kwenye namba yake ile ya siku zote?"

"Simu yake imechukuliwa," akasema Mwanamkasi. "Na polisi."

"Na nesi," akasema Bi Ghalia.

"Basi tumpigie huyo aliyeichukua, tujue ni polisi au nesi."

Hapo napo palikuwa na vita, simu ya nani itumike. Bi Ghalia akatoa yake, Mwanamkasi akatoa yake, simu pacha, Walid alizituma pamoja ndani ya boksi moja. Alawi akazisukuma zote pembeni kwa kiwiko, akachukua yake, akaweka namba, akabonyeza spika.

Ikaita. Ikaita. Ikapokewa. Nyuma kulikuwa na kelele za watu na chupa zikigongana. Kwanza kilitoka Kiarabu cha dukani, cha kumkaribisha mteja. Halafu, "Nani mwenzangu?"

"Mama yako!" wakapiga kelele wote wawili.

Chupa moja ikatuliwa mezani.

"Mama yupi?"

Neno lile liliwachoma wote, kila mmoja mahali pake, lakini hapakuwa na nafasi ya kulia. "Uko wapi?" akauliza Bi Ghalia. "Umefungwa?" akauliza Mwanamkasi. "Umepasuliwa?" "Nani kakuachia simu?"

"Niko dukani," akasema Walid. "Nina wateja wanne. Kuna nini? Mnanitisha."

Alawi ndiye aliyemweleza, maana wale wawili walikuwa wamekaa kiti kimoja, bega kwa bega, nusu kila mmoja, hawajui kama wamekaa.

Walid akapumua kwa nguvu. "Mama zangu, huyo si mimi. Wamechukua sauti yangu kwenye video, wakaitia kwenye mashine. Akili mnemba. Ukiipa sauti ya mtu dakika moja inasema chochote unachotaka kwa sauti hiyo hiyo. Huku kuna Mwomani mmoja kapigiwa na mkewe, na mkewe kakaa naye meza moja anakula."

"Sauti itaibiwaje na wewe bado unayo?" Bi Ghalia akauliza.

"Kama ufunguo unavyochongwa mwingine. Wako unabaki mfukoni, na mwizi anaingia ndani."

"Na namba zetu kazipata wapi?" Mwanamkasi akauliza, kwa hasira ya mtu asiye na hatia.

"Mama Mdogo, mwaka jana nilipokuja, si nilikupiga video unakaanga vitumbua, nikaandika namba yako watu waagize?"

"Ndiyo. Na niliagiziwa mpaka kutoka Kerege."

"Na wewe Mama Mkubwa ukanuna siku tatu, hukula, mpaka nikakupiga na wewe umekaa barazani, nikaandika na yako. Na huuzi kitu."

Bi Ghalia akaanza kuzihesabu shanga za pazia la Alawi.

"Sasa sikilizeni," akasema Walid. "Ikija simu ya shida, hata ikiwa inalia kwa sauti yangu, kata. Nipigie mimi kwenye namba yangu. Na kabla hamjagusa hata senti, kila mmoja amwambie mwenziwe. Asiyemwambia mwenziwe, hatumi. Mwizi aliona mko wawili, akajua kila mmoja atamficha mwenziwe. Hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango, si mashine."

"Kumwambia huyu?" wakasema wote wawili.

"Kumwambia huyo. Na tutakuwa na neno letu. Nikipiga nina shida, niulizeni neno. Nisipolijua, si mimi."

"Niambie mie kwa siri," Mwanamkasi akasema haraka, "nitalitunza."

"Mama Mdogo."

"Haya."

Neno likatafutwa. Bi Ghalia alitaka la Kiarabu. Mwanamkasi alitaka la jikoni. Likapatikana moja ambalo kila mmoja alilichukia sawasawa na mwenziwe, na kwa hiyo likapita. Halitaandikwa hapa. Haijulikani nani anasoma haya, wala ni mtoto wa nani. Alawi aliyelisikia alilishwa kiapo papo hapo, mkono juu ya mizani. Mwisho Walid akawafundisha jinsi ya kuizuia namba ya mwizi isipige tena, bonyeza hapa, kisha hapa, kisha pale pekundu, akakata kwenda kuuza manukato.

Kurudi walirudi kwa miguu. Bangili zao hazikuingia tena, mikono ilikuwa imevimba, wakazifunga leso moja kwa sababu ni Mwanamkasi tu aliyekuja na leso, na njia nzima walibishana nani aibebe ile leso. Ikabebwa na Bi Ghalia mpaka kwenye duka la vitenge, na kutoka hapo na Mwanamkasi.

Baada ya adhuhuri wakawa uani. Bi Ghalia anachambua mchele upande wake wa kivuli, Mwanamkasi anakuna nazi upande wake. Hawasemi. Mwanamkasi alikuwa anajipima moyoni, na kila akijipima anakuta kitu kimepungua. Asubuhi alikuwa na mtoto aliyemkimbilia yeye peke yake kati ya watu wote wa duniani. Sasa hana. Alikuwa radhi mtoto awe salama, Mungu ni shahidi yake, alikuwa radhi kabisa. Lakini zile mbio alikuwa nazo kwa muda wa vyuma sita, na zilikuwa nzuri.

Simu ikalia. Namba ndefu kama mkia wa tiara, ile aliyokuwa bado hajaizuia.

Akatazama kulia. Bi Ghalia alikuwa ameinama juu ya ungo. Sheria ilikuwa wazi, kata. Mwanamkasi akapokea.

"Mama." Kikwaruzo kile. "Mama, mbona hujatuma? Wananipeleka."

"Neno letu ni lipi?" akauliza kwa kunong'ona.

"Neno gani, Mama? Nimechanganyikiwa, wamenipiga, sikumbuki kitu. Nakukumbuka wewe tu. Mama, nakupenda kuliko mtu yeyote. Kuliko hata Mama Mkubwa. Ni wewe ndiye mama yangu wa kweli."

Mbuzi ya nazi ikasimama. Alijua ni mwizi. Alijua kama alivyojua kwamba nazi ile ni nazi. Lakini sauti ilikuwa ya Walid, na maneno yalikuwa yale, na Walid mwenye sauti hajawahi kuyasema, wala hatayasema, kwa kuwa ni mtoto wa Haji, ana uzi wake wa kupimia. Machozi yakamjaa. Halafu, pamoja na machozi, kicheko.

Akabonyeza spika.

"Mwanangu," akasema kwa sauti kubwa, "mtandao mbovu. Hebu rudia hilo la mwisho. La Mama Mkubwa."

"Nakupenda kuliko Mama Mkubwa," ua mzima ukasikia. "Wewe ndiye mama yangu wa kweli."

Punje za mchele zikamwagika. Bi Ghalia akawa amesimama.

"Mwizi huyo!"

"Najua."

"Sasa unamrudishisha maneno ya nini?"

"Nasikiliza tu. Sauti si yake?"

Bi Ghalia akavuka ua, hatua zake za kibwanyenye zimeisha zote, akamnyang'anya simu, akaiweka karibu na mdomo. Sauti yake ilitoka ndogo, sauti ambayo Mwanamkasi hakuwahi kuisikia tangu siku ile ya homa na maziwa kukauka.

"Walid. Na mimi je?"

Mwizi kusikia mama wawili mahali pamoja, akakata.

Wakaitazama ile simu. Kibandani jogoo wa jirani akawika bila sababu.

"Mpigie," akasema Bi Ghalia.

"Nimpigie nani?"

"Huyo."

"Mwizi?"

"Hajanijibu, Mwanamkasi! Wewe kakujibu, mara mbili, na mimi kanikatia! Mpigie aseme!"

Mwanamkasi akaichukua simu yake kutoka kwenye ile mikono myeupe, akaifuta kwa ncha ya kanga, akakaa tena juu ya mbuzi yake ya nazi. Akabonyeza hapa, kisha hapa. Kidole kikasimama juu ya pale pekundu, akakiacha kisimame kidogo, muda wa kitumbua kimoja kugeuzwa upande wa pili.

"Sheria ni sheria, Bi Mkubwa," akasema, akabonyeza.